Zamu ya Jumatatu

Chumba ni kidogo, nyuma ya duka la dawa, hapa Ibra.
Kiyoyozi kinakohoa. Nimetandika busati,
nimeweka beseni la mchanga, magari ya plastiki,
wanasesere wenye kanzu na wasio na kanzu,
na ngamia mmoja aliyekatika mguu
ambaye kila mtoto humchagua.

Zahran ana miaka sita. Anaingia na viatu vyake.
Simwambii avue.
Anazima taa. Simwambii awashe.
Tunakaa gizani, mimi na yeye na kiyoyozi,
hadi aseme mwenyewe: "Sasa asubuhi."

Basi ni asubuhi.

Analifukia gari jeupe. Analifukua. Analifukia.
Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ya tatu
akaleta maji kwa finjani,
akamimina taratibu kama anayemkirimu mgeni,
gari likazama hadi paa.

Habari ya wadi ile naijua.
Mji mzima unaijua: mvua ilinyesha milimani,
huku kwetu jua linawaka,
maji yakashuka kwa mkupuo mmoja, na gari la ami yake
likaonekana siku ya pili, limeulalia mtende.
Ulimi unaniwasha. Nataka kuuliza.
Naukalia.
Nasema nilichokiona tu: "Maji yamefika juu."
"Bado," anasema. Anaongeza.

Nje, baba yake anahesabu riyali.
"Amecheza tu?"
Amecheza tu.
"Nyumbani mchanga upo, tena bure."
Kweli upo, unaingia mpaka kwenye maandazi.
Lakini huko kila mtu anamwambia usilie, wewe mwanamme,
na anapofukia kitu, mtu hupita na ufagio.

Wiki ya saba ananikabidhi ngamia.
"Wewe ni huyu. Mguu unakuuma. Piga kelele."
Nipige vipi?
"Kubwa."
Nikapiga. Mfamasia akagonga ukuta.
Zahran akacheka, kisha akasogea, akaweka kiganja
pale mguu ulipokuwa,
akakiacha hapo,
kimya,
muda ukaisha na hakuna kati yetu aliyesema umekwisha.

Leo kavua viatu mlangoni.
Kalifukua gari, kapangusa vioo kwa ncha ya kanzu,
kaliegesha juu kwenye ukingo wa beseni,
mbali na maji.
Halafu kalirudisha chini.
"Kesho nitalitoa tena."

Naandika daftarini: kesho,
ingawa zamu yake ni Jumatatu.