Chaguo la Kwanza

Steshenari ya Hizza, Ngamiani,
kompyuta moja, feni moja, watu sita nyuma yangu.
Fomu inataka vyuo vitatu.
"La kwanza niweke hapa hapa Tanga, au sio?"
Nasema, weka Mbeya.
Kidole chake kinabaki hewani, juu ya kibodi.

"Biashara, Mbeya?
Na baba yako duka analo?"

Analo.
Milango miwili ya mbao, mmoja haufunguki tangu mvua za mwaka juzi,
spoku zimefungwa mafungu kwa raba,
gololi ndani ya kopo la maziwa ya mtoto.
Juu ya kaunta, kwa rangi ya mlango:
MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI.
Nimejua kuhesabu kwa gololi
kabla sijajua kuandika Mwanamkasi.
Najua bei ya kununulia, najua bei ya kuuzia,
na najua ile ya tatu, isiyoandikwa popote,
bei ya "mimi si mtu wa kuja, mwanangu."

Hiyo ndiyo inayonipeleka Mbeya.

Mtaa mzima ni ndugu.
Anayetaka mnyororo ni shemeji,
anayetaka pampu mama yake alimnyonyesha baba,
anayetaka tairi mbili kwa maneno matupu
ndiye aliyenifundisha alifu kwa kijiti.
Nani atamwambia huyo, lete fedha kwanza?
Nataka nikajifunze kusema hapana
mahali ambapo hapana yangu
haitafika msibani kabla yangu.

Nilipima njia kwa rula, kwenye ramani ya shule:
Segera, Chalinze, Mikumi, Iringa,
kisha weupe mrefu, kisha Mbeya.
Sentimita kumi na moja na nusu.
Mama alipoona alisema tu, "Huko kuna baridi,"
akarudi jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Shangazi Mwanahawa alisema mengi zaidi.
Kwamba biashara haisomwi, hurithiwa.
Kwamba ada ile ni tairi mia nne.
Hili la tairi nililipigia hesabu usiku.
Ni mia nne na kumi na mbili, bila nauli.

Baba hakusema kitu.
Siku tatu aliuza, alifunga, aliswali, alilala.
Ya nne akanipa daftari la mkopo,
jalada limelowa grisi.
"Kabla ya vitabu vyao, soma hiki."

Mbaruku wa Duga, breki mbili, elfu nne.
Bi Chausiku, mpira wa ndani, atalipa machungwa yakiiva.
Mwinyikombo, tairi la nyuma,
na pembeni, kwa wino mwingine:
amefariki, nimemsamehe.
Kurasa na kurasa. Wino mwingine, wino mwingine.
Kumbe mali ya baba daftari inalo,
inapotea na habari zake zote.

Nikajumlisha. Jumla ilipotoka
niliijua sura yake:
ada ya mwaka wa kwanza, na blanketi, na sweta.

Nikamwendea na karatasi, nimekasirika.
"Hii, baba. Hii ndiyo inayokosekana."
Akavaa miwani, akafuata tarakimu kwa ukucha.
"Hesabu ni sahihi," akasema.
"Basi ukifika huko, waulize walimu wako.
Hawa ndio waliochimba kaburi la mama yangu usiku, mvua inanyesha.
Niwaandike safu gani?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na hasira bado, na daftari,
na yote mawili nimeyatia kwenye begi.

"Chaguo la pili?" anauliza Hizza.
Dodoma.
"La tatu?"
Weka Tanga. (Mama atauliza.)

Printa inakohoa, inatoa karatasi ya moto.
Elfu mbili na mia tano.
Nampa noti ya elfu kumi. Anapekua droo,
anawatazama watu sita, hakuna mwenye chenji.
"Nenda tu, utaleta."
Nataka kusema hapana, nitasubiri.
Lakini Hizza ameshafungua daftari lake
na ameshaandika jina langu,
bila kuuliza linaandikwaje.