Kibano

Shekuwe, dukani kwake Langoni, Amu,
ananitolea kibano kikubwa, kizito kama deni:
"Hiki kitabana hata tendegu la kitanda."

Lakini mimi sikerezi matendegu.
Nakereza pia za watoto, shanga za tasbihi,
na juma hili kirungu cha mtoto wa meza:
Bi Mwanashee amechoka kumvuta kwa uzi.

Nachagua kile kidogo.
Natia kidole gumba kati ya taya nne,
nazungusha ufunguo polepole
hadi kinanishika bila kuuma.

Ndivyo baba alivyoishika patasi
kwenye kerezo lake la uta,
kwa vidole vya mguu,
na mti haukupata kovu.

"Bei?" nauliza,
kidole kingali ndani.