Beseni la Torborg

Alituwekea kahawa kwanza, kisha mkate wa shayiri,
kisha mikono yake juu ya kitambaa cha meza,
imelala chali, manjano kama nta,
migumu viganjani, inanukia krimu ya zinki.
"Dakika tatu tu nikiitia majini,
mtaona," akasema. Lakini siku ile hakuitia.

Ilikuwa Februari, mto Lögde umeganda,
gari letu linanguruma uani lisije likafa kwa baridi.
Niliingia na mirija kumi na minne, vifuniko vya zambarau,
nikatoka nayo imejaa: damu ya Torborg, ya nduguye Sixten,
ya wajukuu, ya binamu mmoja aliyekuja kwa skii,
akakunja mkono wa sweta bila kuuliza ni ya nini.
Sixten peke yake alinung'unika:
"Damu nzito kuliko maji, haya.
Na sisi tunaoumbuliwa na maji?"

Miaka mitatu nilisoma.
Kromosomu ya kumi na mbili, kipande kirefu
walichorithi wenye mikono ile, wenzao hawana.
Nikakipunguza huku, nikakipunguza kule,
hata usiku mmoja wa Novemba, korido tupu,
nikaiona.
Herufi moja. Palipopasa A pameketi G.
Si neno, si sentensi,
herufi, katika maandishi ya herufi bilioni tatu.

Na jeni lenyewe ni bawabu:
hukaa mlangoni pa seli, hupitisha maji kwa kiasi.
Bawabu wa kwao Torborg
hajui kufunga.

Rutger, msomaji wetu wa vitabu vya parokia,
alikuwa amepanda mababu ngazi kwa ngazi
hadi mwaka 1694, kwa mwanamke aitwaye Malin.
Kando ya jina lake mchungaji aliandika:
Hafui. Mikono.
Basi, hakuna zaidi. Sijui nani alimfulia.

Tukarudi na karatasi.
Njiani nilikuwa nimekariri namna ya kusema
kwamba dawa bado, kwamba kujua si kuponya.
Hakuuliza dawa.
Aliuliza: "Kwa hiyo si zile shuka?"
Mama yake, akiwa na mimba yake,
alifua shuka za maiti Ijumaa Kuu.
Kijiji kilijua. Mama alijua.
"Si shuka," nikasema.
"Alikufa nazo moyoni," akasema Torborg,
akainuka kuzima birika ambalo halikuwa limechemka.

Huyu alicheza dansi zote za ujana wake na glavu,
Julai, jua halitui, na glavu.
Akamwambia Sten-Åke kwamba ni mtindo wa mjini,
na Sten-Åke akaoa kwingine.

Sasa analeta beseni la bati.
Anakunja mikono ya gauni, anaizamisha.
Ngozi inavimba, inakuwa nyeupe pe,
kila mstari wa kiganja unanyanyuka kama sifongo,
na Tuva, mjukuu wa miaka sita,
anasogeza kigoda, anachovya vyake viwili pembeni.
"Bibi, yako imetangulia!"
"Nina uzoefu," anajibu.

Mimi, mtu wa vipimo, nilisahau kutazama saa.
Torborg hakusahau.
"Mbili na nusu," akasema,
na hakuitoa.