Tarehe ya Kuondoka

Kijana Fan, hilo jina unalolisoma kwa kujikwaa
ni la kwenye pasi tu. Lina vipande vitano,
na ukoo wa mama yake umo humo katikati.
Mlangoni kwetu, jengo la tatu, ghorofa ya sita,
ameitwa Mzee An tangu hajawa mzee.
Andika An.

Huwezi. Najua.

Alikuja Zigong kufunga mtambo wa kukaushia chumvi.
Mkataba: miezi mitatu. Wenzake walikuwa wawili.
Baltasar tumbo lilimkataa, akaondoka na treni ya kwanza.
Ludger alioa Chengdu, akafungua duka la mikate,
akaachana na mke, akafunga; kadi zake za mwaka mpya
zilikuja na stempu za nchi hii na ile, kisha hazikuja.
Huyu wangu alibaki kwa sababu ya boliti.
Boliti moja ilikwama bandarini wiki tisa,
na karani wa stoo nilikuwa mimi.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe; yeye alipewa spana,
na siku ya mia kisu cha kuchunia sungura.

Unacheka. Cheka tu.

Lafudhi yake ya mtaani ilikuwa nzito, hata
watu wa Beijing walinigeukia mimi: "Anasema nini?"
Alimtukana muuza tangawizi na kumsamehe kwa pumzi moja.
Na bado kila teksi, kila teksi, miaka thelathini na saba:
"Lo, unajua vijiti! Umekuja lini? Utarudi lini?"
"Nimekuja hujazaliwa," alijibu,
"na narudi sasa hivi. Kona ya pili, baada ya lango la hospitali."

Kila mwaka alisimama dirisha hili hili,
picha mbili mkononi, masikio yote mawili yaonekane.
Sababu ya kuishi nchini: mke.
Ndivyo mlivyoandika.
Nilipolazwa kwa figo alinishika kidole cha mguu:
"Suqiong, usife, wewe ndiye kibali changu."
Tulicheka hadi muuguzi akatunyamazisha.
Kwenye daftari la kaya mna ukurasa wangu
na mna wa binti yetu Muxi.
Pale ambapo angekuwa yeye
alibandika risiti ya friji.

Mwishoni Kichina kilimtoka,
kidogo kidogo, kama maji yanavyoiacha chumvi sufuriani.
Kilichobaki chini kilikuwa cheupe, kigumu, cha utotoni,
na nyumbani hakuna aliyewahi kukionja.
"Meza," aliniambia. "Meza, meza."
Nikaleta maji. Nikaleta blanketi.
Nikafungua dirisha, nikalifunga.
Miaka yote hiyo nimelala ubavuni pake
na neno moja la mama yake sikuwa nalo.
Akanitazama kwa upole,
vile tunavyowatazama wageni.

Dada yake alipiga simu kutoka huko, akalia kwa lugha ile,
nami nikalia kwa yangu, tukaelewana vya kutosha.
Nadhani aliuliza kama anarudi.

Sasa unataka barua ya ubalozi, tafsiri yenye muhuri,
na kisanduku hiki: tarehe ya kuondoka.
Sikiliza, mwanangu.
Majivu yako kabatini, karibu na gudulia la figili.
Kilimani kuna nafasi kando ya mama yangu,
aliyemchukia miaka kumi
kisha akampenda kuliko mimi.
Watu husema fulani amekula chumvi nyingi.
Huyu aliichemsha, akaipakia magunia,
akarudi jioni nayo nyusini.

Kisanduku kiache wazi.
Au andika leo, ukilazimika,
lakini andika na anakokwenda:
kona ya pili, baada ya lango la hospitali.