Getini, Njeru

Wamelibandika juu ya orodha ya zamu:
asiye na dozi ya tatu, kuanzia Jumatatu, asiingie.
Gundi haijakauka. Mnyororo ninao mimi.

Naigaga wa mashine ya nyuzi auliza,
"Hiyo ya tatu, kaidhinisha nani?"
Redioni jana usiku: mamlaka ya dawa bado inasoma.
Meneja keshamaliza kusoma.

Si kwamba aogopa sindano.
Mbili za kwanza alipanga foleni tangu alfajiri,
akaugua siku mbili, akakatwa mshahara wa siku mbili.
"Mkono wangu, homa yangu," asema.
"Siku zangu je, za nani?"

Nyuma yake Tibenkana, aliyemzika kaka yake
mwaka ule wa kuzika bila matanga:
"Dada, nenda kachomwe, tupite."
Hawatazamani.

Nami nimechomwa zote.
Ya tatu Ijumaa, zahanati ya kiwanda,
si kwa ajili ya mapafu;
kwa ajili ya geti hili.

King'ora kinalia. Kadi yake ina mihuri miwili
na nafasi nyeupe, ndogo kama ukucha.
Naikodolea macho kama mtu asiyejua kusoma,
mnyororo ukipata joto mkononi.