Hesabu ya Vitambaa

Saa tisa na robo usiku, Mbale, mvua juu ya mabati,
wakaniambia nikunje mgongo kama paka aliyeudhiwa.
Nikakunja. Nilikuwa na siku mbili za uchungu,
mtoto kakaa vibaya, uso juu,
moyo wake unadorora kama saa ya ukutani inayoishiwa betri.
Fomu nilitia sahihi mwenyewe. Simu ya Asava ilikuwa imezimwa.
Kageha, niliandika, na herufi ya mwisho ikateleza nje ya mstari.

Kisha miguu ikaondoka.
Sijui ninyi mliambiwaje; mimi kisu sikukihisi.
Nilihisi mtu akinipekua bila pupa,
kama atafutaye funguo chini kabisa ya mkoba.
Pazia la kijani. Harufu ya spiriti na ya kitu kilichoungua.
Akalia:
sauti nyembamba, ya kulaumu, bawaba isiyotiwa mafuta.
Wakampitisha kando ya shavu langu,
ana ute, ana hasira, msichana.

Halafu Sista Jerusa akaanza kuhesabu vitambaa.
Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.
Daktari akaisimamisha sindano hewani.
"Rudia."
Kumi na tisa.

Hakuna aliyepaza sauti. Wakapekua ndoo,
wakapekua shuka, wakanipekua tena mimi,
nami nikihesabu pamoja nao kimoyomoyo,
mama wa dakika sita, mkoba uliofunguliwa.

Kilikuwa kimegandamana na soli ya gambuti la daktari.
"Ishirini," akasema Jerusa,
na uzi ukaanza kupita.

Wiki ya tatu mavyaa alikuja na kuku na chupa ya uji wa wimbi.
Akamfunua mtoto, akamfunika.
Akauliza, macho yake kwenye majani chai ng'ambo ya mto,
"Kumbe huyu hakupita mlangoni?"

Mama, mlangoni aligonga siku mbili.
Alipita dirishani.

Nilidhani atacheka, au atasonya.
Akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.
"Wangu wa pili naye aligonga," akasema.
"Mwaka ule hapakuwa na dirisha."

Kisha akanyoosha mikono, nikampa.
Akamvua soksi, akaanza na kidole gumba cha kulia,
polepole, akikibonyeza kila kimoja,
mikono, halafu miguu,
nami mshono ukiniwaka, nimezuia pumzi
mpaka akafika ishirini.