Hatua Ishirini za Ambrose

Mimi kazi yangu ni kushika fimbo.
Bi Hepditch huchungulia kwenye darubini, hunipungia mkono:
kushoto kidogo, kushoto tena, hapo hapo, usipumue.
Miaka tisa nimesimama wima katikati ya ugomvi wa watu,
soksi mbili mbili,
maana Newfoundland haina huruma na vidole.

Ilikuwa Februari, mtaa wa mteremko,
nyumba mbili za mbao, moja ya kijani, moja rangi ya haradali,
na kati yao uchochoro wa kuegesha gari moja.
Gari moja na nusu, akasema Cyril Noseworthy.
Gari moja na mlango wa jiko langu, akasema Philomena Puddister,
ambao haufunguki tangu Novemba
kwa sababu pikapu yako imeuegemea kama mlevi.

Kulikuwa na mawakili wawili, na barua,
kila barua ikiishia: tutalazimika kuchukua hatua.
Kulikuwa na kiti cha plastiki, cha kushikia nafasi,
kilichovunjika mguu usiku bila shahidi,
na theluji iliyorushwa pale palipokwisha kufagiliwa,
tusi ambalo kule halihitaji mdomo.

Bi Hepditch akafungua hati ya mwaka 1911,
akaisoma kwa sauti, pua ikimchuruzika:
Kuanzia jiwe jeupe, kuelekea machweo,
hatua ishirini za Ambrose,
hadi ukingo wa banda la kukaushia chewa.
Banda lilichukuliwa na dhoruba kabla mama zao hawajazaliwa.
Na siku ile kila jiwe lilikuwa jeupe;
tulichimba mara tatu ndipo tukalipata lenye chokaa.
Zikabaki hatua. Mwenye miguu yuko makaburini.

"Babu yangu alikuwa mrefu," Cyril akasema.
"Babu yako alikuwa mfupi, tena alichechemea."

Bi Hepditch, ambaye hajawahi kutania, akasema:
"Basi tembeeni."

Alianza Cyril. Alitanua miguu kama anaruka mtaro,
akihesabu kwa sauti ya kumsomea hakimu.
Kumi na nne. Kumi na tano.
Ya kumi na saba ikateleza, akakaa chini pwaa.
"Hiyo haihesabiki," Philomena akasema.
Tukangoja ainuke.
Hakuinuka.

"Nyonga?"
"Tangu Desemba."
"Ndiyo maana unaegesha ukiugusa mlango wangu."
"Ngazi zangu ziko upande huo. Hatua nne tu, naingia ndani."
"Mbona hukusema?"
"Ningemwambia nani? Wakili wako?"

Akampa mkono. Si kwa upole: alimvuta kama mtu ang'oaye kisiki.
Kisha zamu yake haikufika, au aliiacha,
kwa kuwa kile chombo cha kutafutia chuma kililia
na mimi nikapiga magoti na sururu.
Kigingi cha 1954, kimevaa kutu,
mbali na alipodai huyu, mbali na alipoapa yule.
Walikitazama kama jamaa aliyekuja msibani bila taarifa.

Mengine waliandika nyuma ya barua ya wakili,
juu ya boneti, kwa kalamu yangu, ambayo sikurudishiwa:
pikapu iingie kinyumenyume, iachie mlango upana wa mtu na kikapu;
Jumanne nafasi ni ya lori la mafuta ya kupashia nyumba;
theluji itupwe mteremkoni, isitupwe kwa mtu.
Philomena akaongeza: na kiti anilipe.
Cyril akasema hakukivunja yeye.
Hilo halikuandikwa. Nadhani mpaka leo wanabishana.

Mwezi Machi nilipita kwa miguu, nikitoka kununua mkate.
Theluji mpya, uchochoro umefagiliwa mpaka kwenye lami,
na katikati kiti kipya, cha mbao,
miguu miwili huku, miwili kule.
Nilipima kwa macho tu.
Sikuwa na fimbo.